Sufuria Juu ya Kiti Chako

Dada yangu wa tumbo moja,

Mwanao amevaa mfuniko kichwani sasa hivi. Sitanii. Nilikuwa nimeinama natafuta kalamu chini ya kitanda, nikasikia makelele ya vyombo, kuinuka namwona amesimama katikati ya chumba, mfuniko wa sufuria ya uji uko kichwani, ananitazama kama askari anayengoja kupigiwa saluti. Kabla ya hapo alikuwa ameujaribu kwenye kikombe, kwenye ndoo na kwenye kiatu changu cha kazini, na kila ulipokataa kukaa alitikisa kichwa akaguna, vilevile anavyoguna Bibi Kengele mezani kwetu. Nimecheka hadi machozi yakanitoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Ndipo nikajua leo sina pa kujificha, lazima nikuandikie.

Shikamoo yako ipokee, na ya mama mpelekee hukohuko alipolala. Nyonga inaendeleaje? Uliniambia ameanza kusimama kwa kushika ukuta na kwamba anagombana na ukuta wenyewe, nikasema basi huyo amepona. Sisi huku ni wazima. Mwanao ameota meno ya nyuma, anauma kila kitu, mimi nikiwemo. Akiona picha yako kwenye simu anaita Mama Mkuu, Mkubwa bado inamshinda, kwa hiyo umepandishwa cheo bila kuomba.

Umeniuliza mara kadhaa kwenye simu kama kiti chako bado kipo, na kila mara nimekujibu kwamba mtandao unakatika. Mtandao haukukatika, dada. Niliukata mimi. Kwenye simu ningelia, na wewe ungempigia Meneja na kumtolea maneno ambayo hayarudi mdomoni. Kwenye barua utanisikiliza mpaka mwisho kwa sababu huna wa kumkatiza. Na nakujua, usirukie mistari ya chini. Soma kwa mpangilio.

Meza yetu unaijua kuliko mimi, wewe ndiye uliyeniingiza pale. Lakini miezi hii nimeieleza kwa wageni wengi hata maelezo yanatoka yenyewe kama wimbo wa shule. Nasema: sufuria zinatengenezwa kiwanda cha mlimani, mifuniko inatengenezwa kiwanda cha bondeni, na vyote vinaletwa kwetu, kwenye jengo la kufungia mizigo, ili vikutane. Namba sita kwa namba sita. Ila mfuniko namba sita haukai kwenye sufuria namba sita yoyote tu. Mmoja unacheza, mwingine unabana. Ndiyo sababu ipo meza na wanawake sita, tunajaribu huu na huu na huu mpaka upatikane unaokaa. Kwetu hiyo ni kufungisha ndoa. Sufuria iliyokosa mwenzake ni mjane, inakwenda rafu ya nyuma kungoja riziki yake. Hapo wageni hucheka, halafu huuliza swali moja wote: kwa nini msitengeneze zinazolingana? Utadhani tunazitengeneza sisi.

Tajiri akaamua viwanda vyote viwili na jengo letu viwe kwenye kompyuta moja, ili akikaa ofisini kwake aone kila sufuria ilipo. Akaletwa mtaalamu wa kuubuni huo mpango. Yeye anaita hifadhidata, sisi tunaita mfumo, Mama Pacha wa mezani kwetu anaita yule mgeni wenu. Mtaalamu mwenyewe tulimpa jina la Maboksi siku ileile ya kwanza, maana kila unachomwambia anachora boksi, anaandika jina ndani, kisha anavuta mshale kwenda boksi jingine. Sufuria boksi, mfuniko boksi, kiwanda boksi, mimi boksi. Amechora kwenye karatasi zikaisha, akahamia kwenye makatoni ya mizigo, kuna mteja alipelekewa sufuria zake ndani ya katoni lenye ramani nzima ya kampuni. Si mtu mbaya. Hagusi kompyuta kabla hajampa Bibi Kengele shikamoo yake.

Mimi nikachaguliwa kukaa kwenye kompyuta ya jengo letu. Meneja alisema ni kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Ukweli ni kwamba aliuliza nani anaweza, wenzangu wote wakarudi nyuma hatua moja, mimi nilikuwa nambembeleza mwanao kwenye simu ya jirani anayebaki naye, sikusikia, nikabaki mbele peke yangu.

Dada, nimeteseka na kitu kile. Mfumo wa kwanza ulihesabu sufuria namba sita, ukahesabu mifuniko namba sita, ukasema seti zote ziko tayari. Meneja akaona kwenye skrini, akauza. Lori la mteja likaja, likasimama getini injini inanguruma, sisi mezani jasho linatutoka, ndoa hazifungiki. Meneja anatusimamia vichwani na kuapa kwamba kompyuta inasema zipo. Bibi Kengele akamwambia, bila hata kuinua macho, kwamba kama kompyuta inasema zipo basi aishushe ije izifunike yenyewe. Tulicheka wote isipokuwa Meneja na mwenye lori.

Si hilo tu. Mlimani wanaihesabu sufuria ikitoka tu kwenye mashine, hata kama imepasuka ukingo, kwa hiyo kila siku ninadaiwa sufuria ambazo hazijawahi kufika. Bondeni mtandao wao ukipotea, kijana wao anatuma hesabu upya, na upya, na upya, na mfumo unazipokea zote kwa adabu. Kuna asubuhi nilifungua nikakuta tuna mifuniko ya kutosha kufunika nchi nzima. Hesabu zisipolingana, jengo lako linawekwa alama nyekundu, na alama hiyo wanaiona wote. Basi sisi ndio tukawa kidonda cha kampuni. Watu wa mlimani wananipigia kuniuliza huko kwenu kuna nini, na wanaohesabu sufuria zilizopasuka ni wao. Nimejibu kwa heshima mpaka taya likauma. Nikirudi nyumbani mwanao ananiletea kijiko nichezee naye, nami nakikodolea macho tu, nawaza tofauti ya hesabu.

Siku moja Maboksi akasema mchoro wake una tatizo na halioni, akaomba akae mezani nasi kutwa. Akapewa kigoda. Dada, ungekuwepo! Alichukua mfuniko akaukandamiza kwa viganja vyote viwili, Mama Pacha akamwambia, mwanangu, unaozesha kwa nguvu, ndoa hiyo haifiki chai ya saa nne. Kweli, alipoiinua sufuria mfuniko ukaruka ukampiga goti. Akacheka kuliko sisi. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini baadhi zinakubaliana haraka na baadhi hazikubaliani kamwe.

Nikamjibu mimi. Nilimwambia habari za Babu, ile mashine ya zamani ya mlimani ambayo mdomo wake umepanuka kwa uzee, na ile mpya inayotoa sufuria za kubana. Nikamwambia na bondeni vilevile kuna kalibu kuukuu ya kuumbia mifuniko na kalibu mpya, na kwamba sufuria mtoto wa Babu hupenda mfuniko wa kalibu kuukuu. Sote tunajua hivyo. Hakuna aliyewahi kutuuliza, nasi hatukuwahi kuona kama ni habari. Maboksi alifurahi kama mtoto aliyeona mvua. Akachora boksi jipya, akaandika ndani: mashine. Akasema kila furushi likiandikwa limetoka mashine gani, vitu vitafika kwetu vimeshajuana njiani. Nami nilifurahi naye, dada. Nakuapia. Nilimshikia katoni asichore kombo.

Wakajaribu. Mafurushi yakaja yamepakwa rangi, buluu kwa Babu na kalibu kuukuu, nyeupe kwa zile mpya. Tukachukua sufuria ya buluu, mfuniko wa buluu, ukakaa. Mwingine, ukakaa. Bibi Kengele akapiga kigelegele, Mama Pacha akasema leo tunaozesha ukoo mzima. Baadaye vicheko vikapungua. Hapakuwa na wa kumtania, hapakuwa na mjane wa kumsikitikia, ndoa zote zinapita kimyakimya kama watu wanaopanga foleni benki. Kabla ya chakula cha mchana kazi ya kutwa ilikuwa imekwisha. Tukabaki tumeweka mikono juu ya meza, kila mmoja anaitazama ya kwake.

Meneja akatutangazia Jumatatu iliyopita. Meza itabaki na viti viwili, vya kuzishughulikia zile chache ambazo bado zitakaidi. Wengine watapelekwa mlimani au bondeni kama kutakuwa na nafasi, na nafasi isipokuwepo watashukuriwa. Viti vinne vinatolewa Ijumaa hii jioni.

Sasa nije kwenye kiti chako, maana najua hapa umeshasimama na umeshika kiuno.

Ulipoondoka kwenda kumuuguza mama tulikufanyia kama anavyofanyiwa yeyote wa meza ile. Tulichukua mjane mmoja rafu ya nyuma tukamlaza kifudifudi juu ya kiti chako. Kiti chenye sufuria hakikaliwi. Hata mimi niliporudi kutoka uzazi nilikuta sufuria yangu imejaa vumbi na kiti kinaningoja, nanyi mkaniambia nimtafutie kwanza mume ndipo nikae. Sijasahau kwamba miezi ile yote ulifanya fungu lako na langu ili pasiletwe mtu mwingine.

Lakini Maboksi alipoandikisha watu alikuja na kijimashine cha kuweka kidole. Aliyepo anabonyeza, asiyekuwepo hayupo. Nikamwambia na dada yangu je. Akauliza kidole chake kiko wapi. Nikasema kiko nyumbani kinamwogesha mama. Akasikitika kweli, akasema akija atabonyeza. Wakati huohuo watu wa kuhesabu mali walikuwa wanapita jengo zima, wanahesabu kila chenye mdomo. Wakapita na kwenye kiti chako.

Kwa hiyo, dada, kwenye mfumo wewe hupo, ila sufuria yako ipo. Imeandikwa hivi: jengo la tatu, meza ya kufunika, kiti cha nne, sufuria moja namba sita, haina mfuniko. Kila jioni nikitaka kufunga hesabu kompyuta inaniuliza, hii imepata mfuniko au ni chakavu? Majibu mawili tu. Nikisema imepata mfuniko, natakiwa kuifunga kwenye katoni iende kwa mteja. Nikisema chakavu, inaondolewa ikayeyushwe. Hakuna pa kuandika kwamba iacheni, inamshikia mtu nafasi. Basi sijibu kitu. Naiacha alama nyekundu ilale nyekundu. Zile tofauti nyingine zote zimesharekebishwa, mlimani sasa wanahesabu baada ya kukata ukingo, bondeni kijana amefungiwa asitume mara mbili. Wekundu uliobaki kwenye kampuni nzima ni wewe.

Nilimfuata Meneja. Akanigeuzia skrini akasema hapa anaona sufuria, haoni mtu, nimwonyeshe mtu. Nikamfuata Maboksi, nikamwomba achore boksi la aliye safarini. Akajikuna kichwa, akasema maboksi ya vitu ni yake, maboksi ya watu ni ya ofisi kuu na haruhusiwi hata kuyagusa. Kisha akanionyesha kitu. Kuna mahali alipatengeneza kwa ajili ya mzigo uliotoka kiwanda kimoja na haujafika kingine, panaitwa njiani. Nikaiandika sufuria yako: njiani. Iko palepale kwenye kiti, haijasogea hata unywele, ila kwa mfumo inasafiri. Alama ikageuka ya njano, ila mzigo hauruhusiwi kuwa njiani kupita Ijumaa hii, siku hiyo swali linarudi. Mlimani wakanipigia simu kunipongeza. Niliwashukuru nikaenda chooni nikalia.

Mama Pacha hanisemeshi. Alinikuta kwenye korido akaniambia kwamba yeye ana vinywa viwili vinavyomngoja nyumbani, na sufuria ni sufuria, niiondoe, kiti kihesabiwe kwa aliyepo. Zamani alikuwa ananiita mdogo wangu, siku hizi naitwa mke wa kompyuta. Simchukii. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo, pengine kwa sauti kubwa zaidi.

Huko utakuja kusikia watu wakisema kompyuta imewafukuza wanawake wa meza. Usiwaamini. Kompyuta ilikuwa haijui kitu. Aliyeiambia habari za Babu ni mimi, tena kwa kinywa kipana, tena nikicheka. Sijutii kusema kweli. Maboksi aliuliza vizuri nikamjibu vizuri. Kinachonikaba ni kwamba sikujiuliza hata kidogo kweli ile ikitoka pale mezani inakwenda kumfanya nani nini.

Na liko jingine, ndilo lililonifanya nikate simu. Vile viti viwili vilikuwa na wenyewe tangu siku ileile. Kimoja cha Bibi Kengele. Cha pili, Meneja aliniita pembeni akaniambia ni changu, ndiyo asante yao kwa kuwasaidia. Dada, nilinyamaza. Nilirudi nyumbani nikampikia mtoto, nikamwogesha, nikalala na siri yangu kama mtu aliyeficha nyama. Wewe ukatuma ujumbe unauliza kiti, nami nikakwambia mtandao.

Kesho yake mwanao alinikojolea nikiwa nimeshavaa nguo za kazi, nikachelewa, nikaingia jengoni mbio, na kitu cha kwanza kukiona ilikuwa ile sufuria juu ya kiti chako. Nikaenda moja kwa moja kwa Meneja kabla sijapoa. Nikamwambia kiti changu ni cha dada yangu. Mimi nitakwenda bondeni, maana kule wanachanganya buluu na nyeupe na wanahitaji mtu wa kuwaandikia mafurushi. Bondeni kazi ni ya kusimama kutwa karibu na tanuri, mgongo wako hauwezi, wangu bado unaweza. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Akakubali, akaweka sharti moja: kidole chako kiwe kimebonyezwa kabla ya kufunga hesabu Ijumaa. Kisipokuwepo, kiti anakaa Mama Pacha.

Bondeni nitakuwa natoka mtoto hajaamka. Najua utaniuliza atabaki na nani, nami nina jibu, usinikatalie haraka. Njoo na mama. Kama anasimama kwa kushika ukuta, hata huku kuta zipo. Kitanda nimekipima, mnaenea wewe na yeye, mimi na mwanao tunatosha kwenye godoro. Nimemwomba mwenye nyumba ile kona ya nje iliyokuwa na matofali, ameikubali, tutaweka jiko hapo chumba kipumue. Mama atakaa mlangoni na fimbo yake na maneno yake, mjukuu atampanda magotini, wote wawili watakuwa wamepata wa kugombana naye. Mimi naiona kabisa picha hiyo. Wewe asubuhi unakwenda kwako mezani, mimi nakwenda bondeni nakuletea mafurushi yaliyoandikwa sawasawa, na furushi likikufikia lina rangi ya ovyo ujue siku hiyo nimekukumbuka vibaya.

Barua hii naipeleka stendi leo hii Jumapili, dereva wa basi la asubuhi ameahidi kukukabidhi mkononi. Ukiisoma usipoteze muda kunijibu. Jibu lako liwe miguu yako. Mwambie mama namsalimu na namwomba asibebe vyungu vyote, huku viko vya kutosha. Wasalimie majirani waliokusaidia kumgeuza, waambie sijawasahau. Maboksi naye anakusalimu, ingawa hakujui. Juzi aliniuliza kama ile sufuria imeshafika.

Kiti chako nimekifuta vumbi jana. Sufuria sikuigusa. Nimekuwekea mifuniko michache ya buluu chini ya meza ili ukifika usihangaike, umtafutie mume wake mwenyewe, ukae. Ila ukichelewa, dada, Ijumaa jioni kompyuta itaniuliza tena mfuniko au chakavu, Meneja atakuwa amesimama nyuma yangu, Mama Pacha ataniangalia, na kidole changu hiki, ulichokishika ukakipitisha kwenye ukingo ukakifundisha kusikia mahali panapobana, sijui kama kitakubali ku... ngoja, jirani ananiita, anasema mtoto ametoka nje na mfuniko anawavalisha kuku, nakuja, nakuja! Dada, mengine tutaongea uso kwa uso, wewe njoo tu, njoo kabla